Kuandikiana Si Kutoaminiana: Nasaha kwa Wabunifu Wanaojitegemea

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wapiga picha, wasanifu wa michoro, waandishi, wanamuziki na wabunifu wengine wanaojiajiri, mjini Ukunda, Kaunti ya Kwale. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

  

Maafisa wenzangu, wazee wetu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wenyewe mlioacha kazi zenu asubuhi hii kuja hapa: naomba tuichukulie itifaki kuwa imezingatiwa, tusije tukamaliza saa nzima kwa kutajana majina.

Nikiangalia ukumbi huu naona watu ambao bila wao harusi ya Ukunda haina kumbukumbu, duka la Kinango halina bango, hoteli ya Diani haina picha ya kumvuta mgeni, na mgombea wa Lunga Lunga hana kipeperushi. Hata hivyo, mzazi wa mmoja wenu akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu, "Bado anatafuta kazi, kwa sasa anapigapiga picha." Wazazi wangu mlio hapa, kazi anayo. Anachokosa mara nyingi ni karatasi.

Mimi nilisomea uandishi wa habari chuo kikuu. Tulifundishwa kuandika habari, makala na tahariri. Kuandika invoisi hakuna aliyetufundisha. Nadhani mliosomea usanifu wa michoro au filamu mko hivyo hivyo, na mliojifunza kwa YouTube ndio kabisa. Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Leo nataka tuzungumze kuhusu daftari hilo. Nina jambo moja tu: andikianeni na mteja kabla ya kazi kuanza. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Picha ni ya nani?

Chukueni mfano huu. Hoteli iliyo ufuoni inampigia simu kijana mpiga picha. Inataka picha 40 za vyumba, bwawa na chakula. Wanakubaliana kwa mdomo shilingi 25,000. Kijana anapiga, anahariri, anatuma, analipwa, na kila mtu anafurahi. Mwaka wa pili anaziona picha zile zile kwenye bango kubwa kando ya barabara ya kwenda Likoni, kwenye matangazo ya wakala wa utalii wa ng'ambo, na katika hoteli nyingine ya tajiri yule yule. Anapiga simu kudai chake. Anajibiwa, "Si tulishakulipa?" Sasa niambieni, nani ana haki?

Naona wengi mnasema ni mpiga picha, kwa kuwa yeye ndiye aliyebonyeza. Hapo ndipo penye mtego.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inaanza kwa kusema kwamba hakimiliki ni ya mtunzi wa kazi. Kisha inaongeza sharti. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki itachukuliwa kuwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kijana wetu, kwa kuwa hakukubaliana vingine, amesimama mahali pabaya. Sheria haikumwonea. Ilimwachia nafasi ya kusema neno, naye hakulisema.

Ni vivyo hivyo kwa nembo uliyomchorea mwenye duka, wimbo wa tangazo uliomtungia mfanyabiashara, na maneno ya tovuti uliyomwandikia mwenye nyumba za wageni. Ukinyamaza, kazi ni ya aliyeagiza. Ukitaka ibaki yako, sema, na useme kwa maandishi. Sentensi tatu zatosha. Mwenye kalamu na aandike: "Hakimiliki ya picha hizi inabaki kwa mpiga picha. Mteja anaruhusiwa kuzitumia kwenye tovuti yake na kurasa zake za mitandao ya kijamii kwa miaka miwili. Matumizi mengine yoyote yatajadiliwa na kulipiwa upya."

Mteja akisema yeye anataka kuimiliki kazi moja kwa moja, hilo si kosa. Ni biashara. Mwambie bei ya kutumia ni hii, na bei ya kununua haki yote ni hii nyingine, iliyo kubwa zaidi. Tena mtunzi anayemhamishia mtu mwingine hakimiliki aliyonayo hufanya hivyo kwa maandishi yenye sahihi, si kwa mdomo. Na hata ukishauza haki ya mali, sheria yetu bado inakuachia haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima.

Kazi uliyojitungia mwenyewe bila kuagizwa na mtu ni yako tangu siku ilipoandikwa au kurekodiwa. Huhitaji muhuri wa ofisi yoyote ili iwe yako. Hakimiliki ya maandishi, muziki na michoro hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako, kwa hiyo ni urithi wa watoto. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inapokea usajili wa kazi kwa njia ya mtandao. Usajili si lazima, lakini siku ya ubishi ni ushahidi mzuri.

Karatasi yenyewe

Wapo wanaosema, "Nikimletea mteja mkataba ataona simwamini, atakimbilia kwa mwingine." Ndugu zangu, kuandikiana si kutoaminiana. Watu huandikiana ili kesho mmoja akisahau, karatasi imkumbushe, nao wabaki marafiki. Mteja anayekimbia karatasi ya ukurasa mmoja angekimbia pia siku ya kulipa, na ni heri akimbie leo hujatoa jasho.

Karatasi yako haihitaji Kiingereza cha mahakamani. Iandike kwa Kiswahili kinachoeleweka na wote wawili. Iseme haya: kazi ni ipi hasa na ni vipande vingapi, itakamilika lini, bei ni ngapi na italipwa kwa awamu gani, marekebisho ni mara ngapi kabla ya kuanza kulipiwa, hakimiliki ni ya nani na mteja atatumia kazi wapi na kwa muda gani, na mmoja akivunja makubaliano itakuwaje. Kisha majina, namba za simu, tarehe na sahihi.

Hilo la marekebisho msilidharau. Msanifu wa michoro anaweza kuambiwa "badilisha rangi kidogo tu" mara kumi na nne, na kazi ya siku mbili ikawa ya wiki tatu. Andika: marekebisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu lina gharama yake. Utashangaa jinsi mteja atakavyojua anachotaka mapema.

Na kama kazi imeagizwa kwa simu, haraka haraka, basi tuma ujumbe wa WhatsApp mara tu baada ya simu hiyo: "Kama tulivyokubaliana, nitapiga picha za nikahi na kupamba Jumamosi, bei ni kiasi hiki, nusu italipwa leo. Tafadhali thibitisha." Akijibu "sawa", umepata kumbukumbu. Usiufute ujumbe huo.

Bei na arubuni

Pwani hii neno arubuni si geni. Ukinunua shamba unatoa arubuni, na fundi wa milango hachani mbao kabla ya arubuni. Iweje mpiga video peke yake ndiye anayefanya kazi yote kwa ahadi? Dai nusu kabla ya kuanza. Iliyobaki ilipwe kabla hujakabidhi kazi kamili. Mpaka hapo, mteja aone nakala ndogo au yenye jina lako katikati.

Kuhusu bei, wengi wetu tunauliza mwenzetu anatoza ngapi, kisha tunashusha kidogo. Hiyo si hesabu. Hesabu ni hii, nayo ni mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme unahitaji shilingi 30,000 kwa mwezi za nyumba na chakula. Kamera yako ya shilingi 120,000 itakufaa miaka minne, kwa hiyo kila mwezi inachakaa kwa shilingi 2,500. Intaneti na umeme, 4,000. Nauli na bodaboda, 4,000. Akiba ya matengenezo, 4,000. Bima ya afya na akiba ya uzeeni, 3,500. Jumla ni shilingi 48,000. Sasa hesabu siku unazolipwa kwa kweli. Kati ya siku 30, huenda ni 12 tu, maana nyingine unatafuta wateja, unafukuzana na madeni au unapumzika. Gawa 48,000 kwa 12, unapata shilingi 4,000 kwa siku.

Harusi moja ni siku moja ya kupiga na siku tatu za kuhariri. Hizo ni siku nne, yaani shilingi 16,000, na hapo hujapata faida hata senti. Anayetoza 8,000 anamlipia bwana harusi nusu ya picha zake. Atakuja kulijua hilo siku kamera itakapokufa.

Ukifanya kazi na serikali

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ninazungumzia nyumba ninayokaa. Serikali za kaunti huagiza picha, video, uchapishaji, mabango, vyombo vya sauti na tafsiri. Ni mteja mkubwa, lakini ana taratibu zake. Afisa anaweza kukupigia simu jioni akakuambia, "Njoo kesho kuna shughuli, karatasi tutamalizia baadaye." Usiende. Usifanye kazi ya serikali bila barua ya kuagiza huduma, ile tunayoiita LSO, hata kama anayekuomba ni mimi. Bila barua hiyo hakuna mahali pa kuiegemeza invoisi yako, na malimbikizo ya madeni ya kaunti, ambayo Msimamizi wa Bajeti huyataja katika ripoti zake, yamewaumiza wafanyabiashara wengi wadogo. Ukimaliza kazi, pata sahihi ya aliyeipokea, ambatisha nakala ya LSO na invoisi, na ubaki na nakala yako yenye muhuri. Kumbukeni pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Invoisi inayoletwa dakika za mwisho huwa hatarini kuvuka mwaka.

Na mkitupigia picha sisi, chukulieni kwamba picha hizo zitakuwa za serikali, na bei yenu ilijue hilo. Kudai jina lako liandikwe chini ya picha ni haki yako. Katika jarida hili tunapaswa kuliandika.

Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huo unaitwa AGPO. Kijana ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 35. Unasajili biashara yako kwa eCitizen, unapata PIN ya KRA na hati ya kuthibitisha kwamba umetimiza wajibu wa ushuru, kisha unaomba cheti cha AGPO kwa mtandao. Cheti hicho hakilipiwi. Akitokea mtu akakwambia anaweza kukusaidia kukipata kwa elfu tatu, huyo anakuuzia kitu cha bure.

Ushuru usiwatishe

Neno hili huwaondolea watu tabasamu, lakini tulimalize. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kampuni ikitaka gharama fulani itambuliwe katika hesabu zake za ushuru inahitaji invoisi ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS. Ndiyo maana hoteli na mashirika yanakataa ile risiti ya kitabu cha dukani. Wala hayakuchukii, yanalinda hesabu zao. Kwa mfanyabiashara mdogo ipo njia nyepesi, kwa eCitizen au kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Mwenye invoisi ya eTIMS anapata wateja ambao mwenzake hawezi kuwapata.

Pili, mteja akikukata asilimia 5 ya malipo ya huduma ya kitaalamu, hajakuibia. Ni ushuru uliokatwa mapema na kupelekwa KRA kwa jina lako. Dai cheti chake, na unapojaza ripoti yako ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni utaonyesha kwamba umeshalipa kiasi hicho. Wanaolipwa kwa maudhui ya mtandaoni nao waliwekewa ushuru kama huo wa asilimia 5 na Sheria ya Fedha ya 2023. Asiyejaza ripoti anaiacha pesa yake huko huko.

Sura ya mtu si mali ya kamera

Kuna karatasi nyingine, ya idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa ni taarifa yake binafsi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi milioni 1.85 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo bibi harusi alikuajiri kumpiga picha, hakukupa ruhusa ya kumtangaza kwenye ukurasa wako. Muulize, naye aandike. Hapa kwetu ambapo kina mama hujistiri na kuna sherehe za wanawake watupu, jambo hili ni la sheria na la adabu pia. Mtoto, muulize mzazi. Mvuvi wa Gazi au mzee wa kaya unayetaka kuuza picha yake kwa jarida la ng'ambo, mweleze picha inakwenda wapi, na mkubaliane.

Wenye droni nanyi mjue kwamba zinasajiliwa na kuruhusiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Uwanja wa ndege wa Ukunda uko hapa hapa, msije mkajitafutia balaa.

Mteja akikataa kulipa

Najua mnalingojea hili. Mmeandikiana, kazi imekamilika, mteja hapokei simu. Msiende kumtukana mtandaoni, maana mnaweza kutoka wadai mkawa washtakiwa. Fuateni hatua. Kwanza mkumbushe kwa upole kwa maandishi. Akinyamaza, mwandikie barua ya madai yenye kiasi, tarehe ya kazi na siku ulizompa, labda 14. Akinyamaza tena, nenda Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hii iliundwa na sheria ya mwaka 2016 na ikaanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya huduma zilizotolewa zisilipwe. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu shauri lifunguliwe, na haifungwi kikamilifu na kanuni kali za ushahidi zinazofuatwa katika mahakama nyingine. Ule ujumbe wako wa "sawa" unaweza kuwekwa mezani. Ulizeni utaratibu kwa msajili katika kituo cha mahakama kilicho karibu nanyi. Lakini hakimu atauliza swali moja kabla ya yote: mlikubaliana nini? Asiye na karatasi wala ujumbe atabaki kuapa.

Zana na wenzako

Nimeulizwa kuhusu zana. Acheni programu za wizi. Zinaleta virusi, na siku mteja mkubwa akiuliza leseni utaaibika. Kuna za bure na halali zinazofanya kazi kweli: DaVinci Resolve ya kuhariri video, ambayo toleo lake la bure linatosha kwa wengi wetu, GIMP ya picha, Inkscape ya nembo na mabango, Krita ya uchoraji, Blender ya katuni za pande tatu, Audacity ya sauti, na LibreOffice ya kuandikia mikataba na invoisi. Muziki wa kuweka chini ya video uchukueni mahali panaporuhusu, kama maktaba ya sauti ya YouTube, msije mkafungiwa kazi kwa wimbo wa mtu.

Kazi ya mteja iwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na nakala moja ikae mbali na nyumbani kwako. Mwizi akichukua laptopu pamoja na diski iliyo kando yake, harusi ya watu imekwenda. Nasi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu wa chumvi. Lenzi inayolala kwenye begi la kitambaa huota kuvu. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga sawasawa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Mnaotafuta wateja wa ng'ambo, mpango wa Ajira Digital unafundisha bure kazi za mtandaoni. Pesa za PayPal zinaweza kuingia M-Pesa. Someni masharti: Fiverr, kwa mfano, inachukua asilimia 20 ya malipo, iwekeni ndani ya bei. Na msikodi akaunti ya mtu mwingine. Siku itakapofungwa, kazi yako, sifa yako na pesa zako zitafungiwa humo, na hutakuwa na pa kulalamika kwa sababu jina si lako.

Lakini zana kubwa kuliko zote ni wenzako mliokaa nao hapa. Kina mama wa kaunti hii wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa chama. Wapiga picha sita wakiweka 2,000 kila mwezi, kwa mwaka wana shilingi 144,000. Hiyo ni kamera ya akiba au taa za kukodishana, bila kumwangukia mkopeshaji. Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hustler hulipwa kwa siku 14. Unaweza kukusukuma mpaka kwenye kazi ya Jumamosi, lakini kamera hailipiki kwa siku 14. Chama pia kinaweza kukubaliana bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, kushikana mikono mmoja anapougua siku ya harusi, na kuulizana kuhusu mteja sugu kabla ya kuchukua kazi yake. Mkivuka feri, pale karibu na Fort Jesus kuna Swahilipot Hub, ambako vijana wa sanaa na teknolojia hukutana. Nairobi kuna HEVA Fund, inayofadhili biashara za ubunifu, na Docubox kwa watengenezaji wa filamu za hali halisi.

Nyinyi mnajua misimu yetu. Desemba na Agosti simu hailali. Ramadhani harusi hupungua, na masika ikiingia hoteli nyingine hufunga milango. Pesa ya Desemba si ya Desemba peke yake. Iko na Aprili ndani yake. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na aliyejiajiri hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Basi itengeni wakati wa msimu, mkiwa na pumzi. Mkono wako ndio mtaji, nao ukivunjika hakuna mwajiri wa kukulipa likizo ya ugonjwa.

Mkitoka hapa

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Fanyeni mambo matatu wiki hii. La kwanza, andikeni ukurasa wenu mmoja wa makubaliano, wenye zile sentensi tatu za hakimiliki, muuweke kwenye simu. La pili, kaeni na kalamu mpate bei yenu ya siku. La tatu, kabla hamjatoka nje ya ukumbi huu, chukueni namba za wenzenu watano wa fani moja.

Kazi iliyoko sasa hivi mikononi mwenu, ile mliyokubaliana kwa mdomo, bado hamjachelewa. Mtumieni mteja ujumbe leo: "Kama tulivyokubaliana..."

 Mwenye swali, karibu.